Zilipendwa na Nani? Hadhira, Redio na Uhai wa Nyimbo za Zilizopendwa katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali ambalo wapenzi wengi wa muziki hulijibu kwa haraka mno: ni nini kinachoufanya wimbo mmoja wa zamani uitwe wa zilizopendwa, ilhali nyimbo nyingine za umri ule ule zimesahaulika? Kwa kurejelea kumbukumbu za kikundi kimoja cha wasikilizaji wa redio huko Taru, Kaunti ya Kwale, pamoja na historia ya baadhi ya nyimbo zinazojulikana katika Afrika Mashariki, makala yanatoa hoja kwamba umri na ubora wa wimbo havitoshi. Wimbo huwa wa zilizopendwa pale hadhira inapouomba, inapouambatanisha na matukio ya maisha yake na inapoulizana habari zake. Mashindano ya chemsha bongo redioni ni jukwaa mojawapo la kazi hiyo. Hata hivyo, hadhira hiyo hiyo inayouhifadhi wimbo huweza kumpoteza mtunzi wake, na hapo ndipo mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anapopata wajibu.

1.0 Utangulizi

Taru ni kituo kilicho kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, baada ya Samburu na kabla ya Mackinnon Road kwa mtu anayetoka Mombasa. Ni nyika kavu, na wakazi wake wengi ni Waduruma wanaoishi kwa ufugaji, kilimo cha kungojea mvua na biashara ndogondogo za barabarani. Msomaji anayeifahamu Kwale kwa fukwe za Diani na minazi ya Msambweni huenda asiitambue Kwale hii. Lakini ni Kwale moja, na kwa muda mrefu kitu kimoja kilichoziunganisha pande hizo mbili kimekuwa redio.

Mwishoni mwa miaka ya 2000, nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, watu kadhaa walikuwa wakikutana jioni chini ya mwarobaini uliokuwa mbele ya kibanda cha fundi baiskeli. Alikuwapo fundi mwenyewe, mama aliyeuza mahamri na mbaazi, kijana mmoja aliyekuwa utingo wa lori, na mzee mstaafu wa reli ambaye sote tulimwita Mjomba. Redio ilikuwa moja. Mawe ya redio yalinunuliwa kwa mchango, na vivyo hivyo kadi za simu za kukwangua ambazo zilitumika kupiga simu kituoni wakati wa chemsha bongo. Swali liliulizwa, wimbo ukapigwa kwa sekunde chache, kisha zikaanza mbio: huyu anataja jina la wimbo, yule anataja bendi, fundi anakwangua kadi kwa ukucha huku mikono imejaa grisi.

Mimi nilipewa kazi ya ukarani kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Mjomba aliniambia, "Andika, mwanangu. Leo tumeshindwa kwa kusahau, kesho tusishindwe kwa jambo lile lile." Basi nikachora safu katika daftari la shule: tarehe, swali, jibu letu, jibu la redio, jina la wimbo, mtunzi, na aliyeuomba. Safu ya mwisho niliiongeza baadaye, kwa sababu kikundi kile hakikushindana tu. Kilituma salamu na kuomba nyimbo pia. Daftari hilo ninalo hadi leo, ingawa mchwa wamekula pembe zake, na ndilo lililonichochea kuandika makala haya.

2.0 Neno Lenyewe na Fumbo Lake

Ni desturi katika taaluma yetu kuanza na istilahi. Kenya husema "zilizopendwa", na Tanzania husema "zilipendwa". Tukiuchanganua umbo la kwanza tunapata mofimu zifuatazo: zi- ya upatanisho wa ngeli, -li- ya wakati uliopita, -zo- ya urejeshi, mzizi -pend-, -w- ya kauli ya kutendwa, na kiishio -a. Umbo la pili halina kirejeshi. Kwa hiyo, "zilizopendwa" ni kishazi tegemezi kinachozibagua nyimbo fulani miongoni mwa nyingine, na "zilipendwa" ni sentensi kamili inayotoa taarifa. Maumbo yote mawili, hata hivyo, yana mafumbo mawili ndani yake.

Fumbo la kwanza ni la wakati. Mofimu -li- inadokeza kwamba kupendwa huko kumekwisha. Lakini mtu anayepiga simu leo kuomba wimbo wa mwaka wa 1965 haombi kitu alichoacha kukipenda. Wimbo ambao kweli ulipendwa na sasa haupendwi hauitwi wa zilizopendwa, kwa kuwa hauitwi kwa jina lolote. Istilahi, basi, inasema "zamani" na kumaanisha "zamani hadi sasa".

Fumbo la pili ni la mtenda. Kauli ya kutendwa huturuhusu kumficha mtenda, na hapa amefichwa kabisa. Zilipendwa na nani? Na watayarishaji wa redio? Na kampuni zilizouza sahani za santuri? Na watu wa mijini waliokuwa na gramafoni? Au na Mjomba chini ya mwarobaini? Mjadala wa nini kinachoufanya muziki uwe wa kirasimi, yaani wa kudumu na wa kuigwa, mara nyingi huishia katika sifa za wimbo wenyewe. Ninapendekeza tuanze kwa kumtafuta mtenda aliyefichwa.

Pendekezo hili si geni katika nadharia. Mhakiki Mjerumani Hans Robert Jauss, mmojawapo wa waasisi wa nadharia ya upokezi katika miaka ya 1960, alisisitiza kwamba historia ya kazi ya fasihi ni historia ya wapokezi wake pia, na kwamba kila kizazi huiendea kazi kwa upeo wake wa matarajio. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka wa 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alionyesha kuwa kazi simulizi haikamiliki bila utendaji na hadhira. Tukiziweka hoja hizi mbili pamoja, wimbo wa redioni unakuwa kazi ambayo fanani wake hayupo, lakini hadhira yake ipo na inafanya kazi.

3.0 Redio Ndiyo Iliyotoa Jina

Mfano kutoka nje utatusaidia kuona jambo hili kwa uwazi. Katika muziki wa roki, zipo nyimbo za miaka ya 1960 na 1970 ambazo leo hutajwa kuwa roki ya kirasimi. Jina hilo halikutolewa na wanamuziki. Lilienea kupitia vituo vya redio vya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, vilipoanza kupanga vipindi vizima vya roki ya miaka iliyotangulia kwa ajili ya wasikilizaji waliokua nayo. Kwa maneno mengine, roki haikuzeeka na kuwa ya kirasimi yenyewe. Kulikuwa na watu waliotaka kuisikia tena, na redio iliyotambua haja hiyo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa mtoto wa Unguja. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka wa 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, aliutunga wimbo "Bohemian Rhapsody" uliotolewa na kundi la Queen mwaka wa 1975. Wimbo ulikaribia dakika 6, na wapo waliouona mrefu mno kwa redio. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio jijini London aliupiga mara 14 katika mwisho wa juma mmoja kabla haujatoka rasmi, na wasikilizaji wakaanza kuutafuta madukani. Ulikaa kileleni Uingereza kwa majuma 9, na mwaka wa 1991, Mercury alipofariki, ulirudi kileleni tena. Tunajifunza nini? Kwamba redio iliufungulia wimbo mlango. Lakini kurudi kwake mwaka wa 1991 kulitokana na msiba, yaani tukio ambalo watu walitaka kulipitia pamoja.

Hapa kwetu, kazi hiyo ilifanywa kwanza na redio za taifa. Sauti ya Kenya, ambayo mwaka wa 1989 iligeuzwa kuwa KBC, na Radio Tanzania Dar es Salaam zilikuwa na vipindi vya salamu na maombi ya nyimbo. Msikilizaji alijaza kadi, akaorodhesha majina ya jamaa na marafiki, akataja wimbo, kisha akangoja. Watu wa Lunga Lunga na Vanga, walio mpakani na Tanga, walikuwa na bahati ya kuzisikiliza nchi mbili kwa wakati mmoja. Si ajabu kwamba muziki wa ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, waliotoka Tanga na kuanzisha Simba Wanyika nchini Kenya mwaka wa 1971, uliwafaa kama wa kwao. Les Wanyika, waliojitenga na Simba Wanyika mwaka wa 1978, ndio waliotupa "Sina Makosa", wimbo ambao hata mtoto wa leo aliyezaliwa baada ya wanamuziki wake wengi kufariki huutambua kwa gitaa la mwanzo tu.

Vituo vya FM vilipoongezeka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, simu ya mkononi ilichukua nafasi ya kadi ya salamu. Kungoja kwa majuma kukawa kungoja kwa dakika. Hapo ndipo chemsha bongo ya papo kwa hapo ilipowezekana, na ndipo kikundi kama kile cha Taru kilipopata mchezo wake.

4.0 Sifa za Wimbo: Zinasaidia, Hazitoshi

Haitakuwa haki kudai kwamba wimbo wowote unaweza kuwa wa zilizopendwa. Zipo sifa za kimatini zinazorahisisha kazi ya hadhira. Kwanza, lugha yake huwa nyepesi kushikika, na kibwagizo chake hurudiwa kiasi kwamba anayeusikia mara ya pili huweza kuitikia. Pili, nyimbo nyingi za aina hii zina msemaji anayemwelekea mtu fulani: mpenzi, rafiki, adui, mzazi. Msikilizaji huazima kinywa cha msemaji huyo na kumwelekea mtu wake mwenyewe. Tatu, zinagusa hali inayojirudia katika maisha: mahari, safari, ulevi, wivu, umaskini, kifo.

Chukua "Malaika". Ni maneno ya kijana anayempenda msichana na kutaka kumwoa, lakini hana mali ya kumwezesha. Katika daftari langu wimbo huu umeombwa mara kadhaa na fundi baiskeli, na kila mara ni katika kipindi ambacho mazungumzo ya mahari yake yalikuwa yamekwama. Hakuna aliyemcheka, maana kila mtu alijua anachosema bila yeye kukisema. Chukua pia "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa Morogoro aliyefariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mnamo Januari 1979. Wimbo huu uliombwa na mama wa mahamri wakati wa ukame wa mwaka wa 2009, ng'ombe walipokuwa wakifa na wateja wake wakikopa bila kulipa. Mbele ya jina la wimbo niliandika, kwa imla yake, "kwa wote wa Taru".

Sasa tuulinganishe na mfano wa kinyume. Wimbo uliorudiwa kwa wingi mno katika pwani ya kusini bila shaka ni "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms, uliotungwa na Teddy Kalanda na kutolewa mwaka wa 1982. Bendi za hoteli za Diani zimewaimbia watalii wimbo huo kwa miaka na mikaka, na kundi la Boney M la Ujerumani likauimba kwa namna yake mwaka wa 1983. Ni wimbo mzuri, mwepesi, na una kila sifa niliyoitaja ya kushikika. Lakini katika daftari la Taru haukuombwa hata mara moja. Utingo, ambaye aliwahi kufanya kazi ya kubeba mizigo hotelini, alisema, "Huo ni wimbo wa kazini."

Kauli hiyo fupi ilinifunza zaidi ya nilivyotambua wakati ule. Kurudiwa peke yake hakuupi wimbo hadhi ya zilizopendwa kwa kila hadhira. Wimbo unaorudiwa kwa malipo mbele ya mgeni, na wimbo unaorudiwa kwa kuombwa na mwenyeji kwa ajili ya jambo lake, ni vitu viwili, hata kama jedwali la mauzo litaviweka pamoja. Kwa mtalii aliyefunga ndoa Diani, "Jambo Bwana" huenda ndiyo zilizopendwa yake halisi. Kila hadhira ina orodha yake.

5.0 Chemsha Bongo kama Kitendawili

Je, mashindano yana nafasi gani katika haya? Wapo wanaoyaona kuwa upuuzi wa kibiashara. Mtazamo huo unasahau kwamba katika utamaduni wa Waswahili na majirani zao, mashindano ndiyo njia kongwe ya kuhifadhi maarifa ya sanaa. Katika ngoma ya gungu, mshairi alilifunga fumbo na mwenzake akatakiwa kulifungua hadharani. Vyama vya beni vilishindana kwa mavazi, magwaride na nyimbo katika miji ya pwani na kuenea hadi bara. Vikundi vya taarabu vimejibizana kwa vizazi. Kitabu kilichohaririwa na Frank Gunderson na Gregory Barz, kilichochapishwa mwaka wa 2000 kwa jina "Mashindano!", kimekusanya tafiti nyingi zinazoonyesha jinsi ushindani ulivyo uti wa mgongo wa utendaji wa muziki katika Afrika Mashariki.

Chemsha bongo ya redioni inafanana zaidi na kitendawili. Kuna mtegaji, ambaye ni mtangazaji. Kuna tamko la kuanzisha na itikio lake. Kuna muda wa kufikiri na majibu ya kubahatisha. Kuna kushindwa kunakokubaliwa hadharani. Katika kitendawili aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji huupokea, huusifu, kisha hutoa jibu. Katika chemsha bongo aliyeshindwa hutoa salio lake la simu, ambalo halirudi. Tofauti hii si ndogo, na tutairudia.

Ufanano ulio muhimu ni kwamba katika vyote viwili jibu ni mali ya kikundi. Mtoto hujifunza jibu la kitendawili kwa kulisikia likitolewa, ili kesho naye atege. Chini ya mwarobaini ule mimi sikuwa nimezaliwa wakati nyimbo zile zilipotoka. Sikuzipenda kwa sababu ya kumbukumbu ya ujana wangu. Nilizijua kwa sababu watu wazima walizigombania mbele yangu. Mjomba alipotaja bendi, alilazimika kueleza alivyoitambua: ni mlio wa saksafoni, ni jinsi gitaa la pili linavyojibu la kwanza, ni mwimbaji anavyovuta silabi ya mwisho. Yule utingo alipompinga, alilazimika kutoa ushahidi wake. Huo ulikuwa uhakiki, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Jioni moja tulishinda. Zawadi ilikuwa fulana moja, iliyoletwa na dereva wa matatu siku kadhaa baadaye. Watu walikuwa wengi na fulana moja, basi ikavaliwa kwa zamu, kila mtu juma lake, hadi ilipochanika. Fundi aliifanya kitambaa cha kufutia minyororo ya baiskeli. Sijaona ushahidi bora zaidi wa hoja kwamba ushindi ule haukuwa wa mtu mmoja.

Kwa bahati mbaya, mashindano mengi ya siku hizi huomba ujumbe mfupi wa kulipia, na mshindi hupatikana kwa kura ya bahati. Hakuna linaloulizwa, au huulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. Mashindano ya aina hiyo hayamlazimu mtu kukumbuka wala kumwuliza mzee wake. Ni mchezo wa pesa ulioazima sauti ya chemsha bongo, na hauwezi kufanya kazi ya kitendawili.

6.0 Safu Iliyobaki Tupu

Nilipolifungua daftari kwa jicho la mtafiti, niligundua jambo lililonisikitisha. Safu ya jina la wimbo imejaa. Safu ya aliyeuomba imejaa. Safu ya mtunzi, kwa kurasa nyingi, iko tupu. Tulizijua nyimbo, tulizijua bendi, tulijua ni nani kati yetu analia anapousikia upi. Waliozitunga hatukuwajua.

Mfano wa kwanza unahusu jirani yetu. Siku moja liliulizwa swali: mwimbaji wa "Tausi Ndege Wangu" alizaliwa wilaya gani? Fundi Konde alikuwa anajulikana kwa sauti. Tulikubaliana upesi kwamba ni mtu wa Mombasa, tukapiga simu, tukakosea. Jibu lilikuwa Kwale. Fundi Konde alizaliwa Waa mwaka wa 1924, akawa miongoni mwa wanamuziki wa kwanza wa Kenya kutumia gitaa la umeme, akawatumbuiza askari wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, akarekodi nyimbo nyingi za Kiswahili baada ya vita, na kufariki mwaka wa 2000. Mwaka wa 1994 rekodi zake za kati ya 1947 na 1956 zilikusanywa na kutolewa upya. Kutoka Taru mtu huweza kufika Waa kupitia Samburu na Kinango bila kutoka Kwale. Nakumbuka kimya kilichofuata, kisha mama wa mahamri akasema, "Kumbe ni wetu." Tulikuwa tumemwimba miaka yote bila kujua kwamba ni wetu. Salio la shilingi 20 lilipotea, lakini katika daftari lote hakuna jibu nililoliandika kwa herufi kubwa kuliko hilo.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Liliulizwa swali: nani alitunga "Malaika"? Redio ilikubali jibu la Fadhili William, mwanamuziki aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambaye jina lake limeambatana nao hadi alipofariki mwaka wa 2001 na baadaye. Mjomba hakuridhika. Alisema aliwahi kusikia ukihusishwa na Mtanzania Adam Salim. Mwingine akamtaja Grant Charo. Ni kweli kwamba majina hayo yote yamejitokeza katika mjadala mrefu kuhusu umiliki wa wimbo huo. Wakati huohuo wimbo ulikuwa umeshazunguka dunia: Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka katika albamu yao ya mwaka wa 1965, na Boney M wakauimba mwaka wa 1981. Katika daftari niliandika majina matatu. Mjomba alinikataza kufuta lolote. "Redio imetoa jibu lake," alisema. "Sisi hatujamaliza."

Makala haya hayakusudii kuutatua mgogoro huo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mapenzi ya hadhira yana makali mawili. Wimbo ukishakuwa wa kila mtu, huelekea kuwa wa mtu yeyote, na haki ya mtunzi huingia katika kiza. Katika fasihi simulizi ya jadi hatuoni tatizo hapo, kwa kuwa ngano na vitendawili ni mali ya jamii. Lakini wimbo uliotungwa na mtu anayejulikana, ukarekodiwa na kuuzwa, si ngano. Nyuma yake kuna mtu aliyestahili malipo, na baada yake watoto wanaostahili hata kutajwa tu. Chemsha bongo inayouliza "nani alitunga?" inamrudisha mtu huyo mezani. Inayouliza "wimbo huu unaitwaje?" inamwacha nje.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tumeona kwamba istilahi "zilizopendwa" inamficha mtenda, na kwamba mtenda huyo ni hadhira inayofanya kazi: inaomba, inaambatanisha, inashindana, inakumbushana. Sifa za wimbo huisaidia kazi hiyo na redio huipa uwanja, lakini bila watu waliokaa pamoja na kuubishania wimbo, kinachobaki ni rekodi ya zamani tu. Tumeona pia kwamba hadhira hiyo ina pengo, nalo ni jina la mtunzi.

Kutokana na hayo, napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wa Kiswahili wanaofanya utafiti wa fasihi simulizi wavichukulie vikundi vya wasikilizaji na wanasalamu kuwa hadhira halisi ya kuchunguzwa, si wapita njia. Kadi za salamu na madaftari kama langu yamo majumbani mwa watu, na mchwa hawangoji ruhusa ya utafiti. Pili, watayarishaji wa vipindi vya zilizopendwa wamtaje mtunzi kila wanapoutaja wimbo, na pale ambapo utunzi unabishaniwa, waseme kwamba unabishaniwa. Tatu, chama chetu kianzishe chemsha bongo yake katika siku za Kiswahili chuoni, ambapo swali la kwanza kwa kila wimbo litakuwa la mtunzi na kwao.

Mwarobaini wa Taru bado upo, ila kibanda kimehamishwa na Mjomba ametangulia mbele ya haki. Likizo iliyopita nilikwenda na daftari kwa fundi baiskeli, tukakaa kujaza safu ya mtunzi kwa kalamu ya rangi nyingine. Tulijaza kurasa nne. Kwenye "Malaika" tuliyaacha majina matatu kama yalivyo.